Jibu la Posa ya Hindu

Amu, Mfungo Saba, 1956

Kwa kaka yangu mpenzi Mohdhar bin Shekhan, Mombasa.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Namuomba Mola barua hii ikukute na afya njema, wewe na mkeo na watoto, na kile kifua chako kiwe kimekuachia ulale usiku. Sisi huku hatujambo kwa kiasi cha uzima wetu. Mama magoti yanamsumbua, hapandi tena darini, amehamishia kitanda chake ukumbini, na hapo amepata raha ya kumsaili kila anayeingia na kila anayetoka. Chuo changu kinaendelea. Wasichana wawili wamefika Yasini, na mmoja ana sauti ambayo ungeisikia ungetoa zawadi, wewe na ubahili wako.

Barua yako imenifikia. Umeandika kwamba Famau amemposa Hindu kwako, achukue nafasi ya marehemu dada yake, na kwamba wewe umeona ni jambo la heri ili udugu wa nyumba mbili usikatike. Umenitaka nimtayarishe mtoto na nikuletee jibu kabla ya Rajabu. Jibu utalipata, kaka. Lakini nakuomba ukae kitako, uagize kahawa yako, usome mpaka mwisho, kwa sababu jibu la Hindu halitaeleweka bila ya habari ya Mwana, na habari ya Mwana uliyopewa siyo. Famau alikuandikia kwamba ndugu yetu alikufa kwa homa. Mwana hakufa kwa homa. Sikukuandikia mapema kwa sababu Mama hukaa ubavuni mwangu kila nishikapo kalamu na kuniuliza nimefika wapi. Leo amelala.

Athman, nduguye Famau na mumewe Mwana, alipoangukiwa na mzigo wa boriti akafa, ulikuja matangani, ukamwona Mwana akiingia eda katika nyumba ya mkwewe, Bi Ummu, kisha ukarudi kazini kwako. Nilikuwa nikienda kumtazama kila siku nikimaliza kusomesha. Alikuwa chumba cha ndani, kwa nguo zake nyeupe, bila wanja wala udi wala kioo, kama ipasavyo. Haukupita muda ikajulikana kwamba Athman amemwacha na mimba. Bi Ummu alilia kwa furaha, akachinja mbuzi, akawa anaizungumza ile mimba utadhani ni mwanawe mwenyewe anarudi kutoka safari. Mwana hakulia wala hakucheka. Nilijiambia ni uzito wa msiba, nikamwacha.

Jumatano moja asubuhi niliingia na mkate wa mofa nikamkuta kalala ubavu, midomo imemkauka, na chini ya kitanda rundo la vitambaa. Mimba ilikuwa imetoka alfajiri ile. Bi Ummu alikuwa amekwisha kuzika kilichotoka uani, ndani ya kitambaa cheupe, na macho yamemvimba kwa kulia. Nasema haki yake: alimfulia Mwana vile vitambaa kwa mikono yake mwenyewe na alimnywesha uji kwa kijiko. Lakini damu ilikuwa haikatiki. Tulimwita mkunga. Alisimama mlangoni, akauliza imeanza lini, akatazama, akarudi nyuma hatua moja. Alisema waziwazi kwamba kuna mwenziwe huko Malindi aliyeitwa serikalini baada ya mwanamke kumfia mikononi, na kwamba yeye hamgusi huyu, apelekwe hospitali. Akavaa buibui lake akaenda zake.

Nikasema basi na tumpeleke sasa hivi. Bi Ummu akanitazama kama mtu niliyetukana. Aliniambia, "Mtu wa eda hapiti ndiani, mwanangu, na mtana huu wa watu." Akauliza tena, licha ya njia na mchana, huyo dresa wa hospitali ni mwanamume, atamtazama nini? Nikamjibu kwamba atatazama mgonjwa. Nikasema kama ni hivyo nikamwite dresa aje hapa nyumbani. Hapo Famau akaingilia kutoka nje ya mlango, akasema mwanamume asiye maharimu haingii chumba cha mjane wa ndugu yake maadamu yeye yu hai. Halafu akasema neno lililomfurahisha mwenyewe kwa busara yake: kwamba nyumba ni yake, lakini mwanamke ana walii wake, na walii yuko Mombasa, na aulizwe. Akaenda posta akakupelekea telegramu.

Alichokuandikia nilikuja kukijua baadaye. Alisema Mwana ni mgonjwa kidogo, na mimi nataka atolewe ndani ya eda. Neno "kidogo" ni lake, sikulaumu kwa hilo. Jibu lako likatufikia Alhamisi, maneno matatu: Asitoke. Tunzeni heshima. Famau alilisoma kwa sauti ukumbini, akalikunja vizuri, akalitia mfukoni. Kaka, najua ulikuwa kazini, najua mambo yalikuwa mengi na karani wa posta amesimama anangoja. Lakini hukuuliza ana nini. Neno moja tu la kuuliza, nalo lilikuwa la bei ileile.

Alhamisi hiyo Mwana alianza kutetemeka na kusema maneno yasiyoungana. Ngozi ilimuwaka moto, na hiyo ndiyo homa uliyoandikiwa. Sikungoja tena ruhusa ya mtu. Nilikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Kamaludin, mwanachuoni wetu, nikabisha hodi alipokuwa anakula, nikamweleza yote nikiwa nje ya mlango. Aliuliza swali moja, kama kilichotoka kilikuwa na umbo la mtu. Nikamwambia Bi Ummu amekiona na amekizika. Akasema basi eda ya Mwana imekwisha tangu alfajiri ya Jumatano, na hata isingekwisha, hakuna eda inayomzuia mgonjwa na dawa, na ni nani aliyetwambia kuna eda kama hiyo. Alikasirika mpaka sauti ikamtetema. Aliacha chakula akaja nami mpaka kwa Famau, akamwambia maneno hayohayo usoni. Famau akainamisha kichwa, akasema Mwalimu akisha kusema, yeye ni nani wa kupinga, tutampeleka. Mwalimu akarudi kwake na moyo umetulia. Naye alidhani "tutampeleka" maana yake ni sasa.

Mlango ulipofungwa Bi Ummu akatoa sharti. Mke wa Athman hatapitishwa njiani juu ya kitanda mabarazani watu wamekaa wanatazama, na kesho mji mzima uwe unaulizana amefanya nini. Atakwenda kesho, saa ya Jumaa, wanaume wote wakiwa msikitini na maduka yamefungwa. Nilipiga kelele, kaka. Nilimwita Famau majina ambayo mwalimu wa chuo hapaswi kuyajua. Nikaambiwa nyumba ina msiba, nishushe sauti. Mwana mwenyewe akanyoosha mkono akanishika nguo, akanitikisia kichwa ninyamaze. Nilidhani ni heshima yake ile ya siku zote.

Basi Ijumaa adhana ilipokwisha tulimtoa. Tulikuwa wanawake wanne: mimi, Hindu, jirani yetu Khairiya, na Batuli wa nyumba ya mkabala. Wanaume wa kubeba hawakuwapo, kwa sababu ndiyo saa tuliyoichagua. Tulimfunika shuka juu mpaka chini, tukashika miguu ya kitanda, tukashuka. Njia zetu unazijua zilivyo nyembamba. Kwenye pembe ilibidi tukisimamishe kitanda upande na mmoja wetu amkumbatie asianguke. Hatukukutana na mtu hata mmoja. Sauti ya khatibu ilitufuata kutoka mtaa hadi mtaa. Khairiya alikuwa akilia chini kwa chini na Hindu kila tulipopumzika alifunua shuka kidogo kumtazama dada yake.

Tulifika hospitali tukakuta mlango umefungwa. Mama mmoja anayefagia hapo akatwambia dresa amekwenda msikitini kama watu wote, na daktari yuko visiwa vya juu, hatarudi mpaka Jumapili. Akatuuliza kwa upole kwa nini tumekuja saa hii. Tulichagua saa ambayo mji hauna mtu, tukasahau kwamba dresa naye ni mtu wa mji. Tukaweka kitanda barazani tukangoja Jumaa iishe. Damu ilikuwa imepita kwenye godoro na kamba za kitanda, ikidondoka sakafuni, na yule mama akaleta ndoo.

Hapo barazani akili ilimrudia Mwana. Alinivuta nikainama, akaniambia jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo ninapokuandikia wewe. Aliniambia mimba haikutoka yenyewe. Aliitoa. Alikunywa dawa aliyoletewa na mtu. Jina la mtu huyo hakunitajia wala sikumuuliza. Nikamuuliza kwa nini tu. Akasema kwamba Famau alikuja akasimama nyuma ya pazia la chumba cha eda akamwambia asiwe na wasiwasi na maisha yake, kwa kuwa amekwisha kumposa kwako, na wewe umekwisha kumpa neno. Mtoto wa damu yao yumo tumboni mwake, hivyo nyumba hiyo hatatoka tena. Mwana alimjua Famau. Mkewe wa kwanza alirudi kwao Kipungani na jino moja pungufu, na Amu nzima inajua hakuanguka ngazini. Mwana akaona mimba ikiondoka eda itakwisha mara moja, na hakutakuwa na kamba ya kumfunga, na atarudi kwa Mama.

Tangu Jumatano alikuwa akinizuia nisipige kelele kwa sababu ya hofu. Alikuwa amesikia kwamba dresa akimwona mwanamke namna hiyo humpeleka habari Bwana DC, na mwanamke husimamishwa kortini mbele ya wanaume aulizwe. Alilala siku zile akichagua kati ya kufa na kusimama pale. Aliponimalizia aliniomba nisimwambie Mama. Hindu alikuwa amekaa upande wa miguu, na alisikia yote.

Dresa alikuja mbio, viatu mkononi. Hakuuliza imetokaje. Aliuliza imeanza lini tu, akafungua mlango, akafanya kila alichojua kufanya, na jasho likamtoka mpaka kofia ikalowa. Baadaye alinieleza kwa huzuni kwamba asubuhi yote ile alikuwa amekaa pale, hana kazi ila watoto wenye kikohozi, na kwamba angeletwa asubuhi ile pengine angepona, na angeletwa Jumatano bila shaka. Mwana alituacha kabla ya adhana ya alasiri. Namuomba Mungu amrehemu na amsamehe. Alilolifanya ni baina yake na Mola wake, na mimi ni dadake, namlilia.

Sisemi kwamba umemuua, kaka. Ningedhani hivyo nisingekuandikia, ningekushitaki kwa Mungu nikanyamaza. Lakini nina hasira nawe, na nitakuwa nayo muda mrefu, na ni bora uijue kutoka kwangu. Mjane haposwi waziwazi eda yake haijaisha. Hilo hata watoto wangu wa chuoni wanalijua, nawe umesoma kuliko wao. Eda ile ilikuwa na nguvu ya kumzuia Mwana asiende kwa dresa. Kwa Famau haikuwa na nguvu ya kuzuia posa, wala kwako ya kuzuia jibu.

Sasa jibu uliloliomba. Baba hayupo, na kaka hana haki ya kumuoza mwari pasipo ridhaa yake. Najua wanavyosema, kwamba mwari akiulizwa akanyamaza ndiyo idhini yake, na najua ndivyo ulivyotaraji, kwa kuwa Hindu tangu utoto ni msichana wa kimya. Kwa Mwana ilipasa aseme kwa ulimi wake, na hakuna aliyemuuliza. Hindu nimemuuliza, jana baada ya magharibi, hapa nyumbani, mbele ya Mwalimu Kamaludin na mashahidi wawili, yeye akiwa nyuma ya pazia. Hakunyamaza. Alisema hapana, akaulizwa tena kama desturi, akasema hapana kwa sauti mpaka Mama akauliza kutoka ukumbini kuna nini. Mwalimu ameandika ushahidi wake na amesema ndoa hiyo hataifunga, na atakayetaka kuifunga aje kwanza azungumze naye.

Barua hii anakuletea Fadhil mkononi mwako. Mama anakusalimu sana na anataka kujua watoto wamehitimu juzuu ngapi. Yeye anaamini ni homa, mwache nayo. Khairiya anakusalimu, na mzee wa kahawa pale mtaani kila siku anauliza utakuja lini. Msalimie mkeo na uwabusu watoto, wa kike na wa kiume sawasawa. Nilimuuliza Hindu kama ana salamu za kukuletea nizitie hapa. Akasema bado.

Wassalam.

Mimi nduguyo,
Mahfudha binti Shekhan