Mche Uliobaki Nyuma ya Tangi

Mpendwa kaka Wekesa,

Sauti iliyonibakia ni ya kiganja chako kikigonga kitako cha mkebe. Ko, ko, ko. Kisha kimya kidogo, halafu mche unateleza mkononi mwako na udongo wake wote. Siku hizi jirani wa juu akigonga kitu chochote, moyo wangu hupanda ngazi hadi kwenye paa la ploti yetu ya kupanga kabla sijakumbuka kwamba uko rumande.

Wa kwanza ulioza, unakumbuka? Ulitia mbegu moja kwa moja kwenye ndoo kubwa ya rangi, ukaimwagia maji kama mtu anayenywesha ng'ombe, na kile kijiti kikalala. "Nilidhani nafasi ni baraka," ulisema. Tangu hapo ukawa mwalimu. Kwanza kikombe cha maziwa lala kilichotobolewa chini. Mizizi ikichungulia kwenye matundu, mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndoo ni ya mwisho, mche ukishaijaza nyumba yake. Nilipokuuliza kwa nini usiruke hatua moja, ulinicheka.

"Msomi, hata sisi hapa Tassia tulianzia singo rumu, chumba kimoja. Si choo tuligawana na ploti nzima?"

Nilicheka nikiwa na hofu. Nilijua sheria inasemaje kuhusu bangi, nawe ulijua. Lakini mama alikuwa akilia kwa maumivu ya mifupa tangu saratani imrudie, na vidonge vya hospitali havikumtuliza tena. Ulipompa ile chai yako alilala, au alijikaza kwa kutuonea huruma. Hadi leo sijui. Najua tu kwamba hatukumsikia akilia.

Ule mche mkubwa uliuficha katikati ya sukuma wiki za mama, ukiwa kwenye mkebe, kimo kimoja na majirani zake. Ungebaki hapo hadi mvua zipite. Lakini uliona mizizi imebanana, ukashindwa kuvumilia, ukaupa ndoo mvua zikianza. Ukarefuka hadi ukapita ukuta wa paa, na kwetu dirisha la ploti ya pili liko karibu kiasi cha kuazimana chumvi. Keateka, mwangalizi wa ploti, akapanda, eti anaangalia tangi.

"Wekesa, sukuma gani hii ina vidole?"

"Ni ya kizungu."

"Basi wacha wazungu waje waitambue."

Waliokuja hawakuwa wazungu. Waliibeba ndoo, wakakubeba na wewe. Mama alikuwa kitandani akiuliza ni nani anaburuta viti.

Hawakuuona mche mdogo, uliokuwa kwenye mkebe nyuma ya tangi. Nilipokuja kukuona hukuuliza habari za wakili. Uliinama kwenye wavu, ukiwa umekunja mabega kama mtu aliyezoea dari fupi, ukaninong'oneza, "Yule mdogo amefika wapi?"

"Mizizi imetoka nje."

"Mhamishe, dadangu. Akichelewa atadumaa. Mama asikose."

Kaka, kila asubuhi nilipanda paani nikiwa na ndoo tupu mkononi, nikasimama. Nikiupa nafasi utarefuka, na keateka ana macho. Nikiunyima, utakauka mbele yangu. Na wakinibeba mimi pia, nani atamgeuza mama ubavu? Nimesoma miaka yote ile, na mama anaponiuliza, "Ile chai ya kaka yako iliisha?" namwambia maji yamekatika. Anasema, "Sawa, mwanangu," kwa upole unaonimaliza.

Jana nilipanda paani bila ndoo. Nilisubiri udongo ukauke kidogo, kama ulivyonifundisha, nikaupindua mkebe na kugonga. Ko, ko, ko. Ukatoka mzima. Mizizi ilikuwa imejizungusha hadi ikachukua umbo la mkebe, myeupe, imeshikamana, haina pengine pa kwenda. Niliishika muda mrefu. Kisha nikaukatakata kwa kisu cha mboga, nikaufukia chini ya sukuma wiki, nikaosha mkebe.

Jioni mama alilia. Nilimshika mguu hadi akachoka.

Usiniulize tena habari za yule mdogo, kaka. Nitakapokuja, niulize habari za mama tu.

Dada yako, niliyebaki na mama