Mvumo wa Amplifaya ya Mjomba

Jumatatu, 16 Juni 2025

Kati ya Masasi na Lindi hakuna chombo chenye waya kisichonijua. Redio ikisikia hatua zangu inaanza kutafuta stesheni yenyewe. Kidato cha pili nilikiacha mimi, hakikuniacha — na mwalimu wa fizikia leo hii ananiletea pasi yake nimtengenezee. Kwa adabu!

Mjomba Abubakary kaja na bodaboda kutoka Ruangwa, kapakata amplifaya yake ya gitaa kama kapakata mgonjwa. Kaizungushia shuka mbili. Ni ile ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Aliachiwa na padri mmoja Mjerumani, mama bado msichana. Nzito kama jiwe la kusagia.

Shida yenyewe ndogo. Kitufe cha sauti kinakwaruza ukikizungusha. Mjomba kasema nisafishe kitufe tu, nisiguse kingine. Nikamwambia, Mjomba, kwa Ashraf hakuna "tu". Kacheka upande mmoja wa mdomo.

Jumamosi ya tarehe 28 mdogo wangu Hafidha anatoka unyagoni. Kwenye ukoo wetu mwali hatoki hivihivi. Anakaa chini, kafunikwa kitenge, mjomba wake anampigia jina lake jipya kwa gitaa. Hainui kichwa mpaka alisikie. Mjomba kawapigia dada zangu wote. Hafidha ndiye wa mwisho. Vidole vimeanza kukakamaa, kasema. Baada ya hapo gitaa na amplifaya ni vyangu, maana watoto wa Hafidha mjomba wao nitakuwa mimi.

Nikajifanya sijasikia vizuri ili arudie. Karudia!

Jumanne, 17 Juni

Kitufe nimekimaliza kabla chai haijapoa. Nikachomeka hapa bandani nijaribu.

Inavuma.

Si kukwaruza tena. Ni mvumo, mmmmm, na ndani yake kama nzi kafungiwa kwenye chupa. Nikampigia Mjomba. Kasema nyumbani haijawahi kuvuma hata siku moja. Nikamwambia, Mjomba, masikio yako yameshazoea, uzee huo. Akasema, haya, endelea.

Makrina, yule wa chai na mihogo banda la pili, alikuwa anasikiliza kila neno.

"We Ashraf! Mjomba wako ndo unamwambia kiziwi?"

"Namwambia ukweli wa kitaalamu, dada."

"Utaalamu gani, kifuniko chenyewe hujafungua?"

Bodaboda wa pale stendi wakacheka. Nikawatangazia wote, kwa sauti: kapasita zile za kutunza umeme zimeoza, valvu zimechoka, mashine ya kizee hii. Mwenye swali aulize. Hakuna aliyeuliza. Unaona?

Jumatano, 18 Juni

Nimefungua. Ndani pasafi! Nyaya zimelazwa kwa mstari kama nywele zimesukwa. Nimegongagonga kila kiungo kwa kijiti cha mshikaki, kama yule Mhindi wa kwenye video. Hakuna kilicholegea. Nimechomoa valvu moja moja, nikarudisha. Bado mmmmm.

Imenipiga shoti mara moja. Umeme wa mle hauna adabu — plagi iko nje na bado unauma. Nilirukia kwenye beseni la Makrina. Mihogo chini. Kasema nimemroga.

Kitu kimoja cha ajabu. Ukishika nyuzi za gitaa, mlio unapungua. Ukiachia, unarudi. Haina maana yoyote.

Siku yenyewe ya vurugu. Wiki ya mnada wa ufuta, watu wa Naipingo na Mtua wamejaa mjini, kila mmoja kaniachia simu nimchajie. Ubao wangu wa kuchajia umejaa mpaka simu zinalala juu ya simu. Chaja zenyewe zile za bei chee, za kuuzwa kwa mafungu, zinapata moto kama chapati.

Alhamisi, 19 Juni

IMENYAMAZA! Kimya kabisa! Nikapiga uzi mmoja wa gitaa, sauti ikatoka nene, tamu, mpaka Makrina kaacha kumenya mihogo. Nimempigia Mjomba palepale, simu nikaiweka kwenye spika asikie kimya. Kacheka, safari hii mdomo mzima. Kaniita fundi. Hajawahi.

Kisha nikatafuta kwa nini imenyamaza.

Nimejua. Siandiki.

Ijumaa, 20 Juni

Mjomba kaja baada ya swala, na kofia yake. Inavuma.

Kainama, kaweka sikio kwenye spika. Kakaa hivyo. Bodaboda wakasogea, Makrina naye na mwiko mkononi.

"Mpwa wangu," kasema polepole, "jana si ilikuwa imepona?"

Nikamwambia ugonjwa wa kapasita ndivyo ulivyo, unakuja unaondoka, kama homa. Bodaboda wakaitikia kwa vichwa. Hawajui kapasita wala homa.

Mjomba kasema basi, anaichukua hivyohivyo. Ivume tu. Hafidha atasikia.

Nikakataa! Nikaishika kwa mikono miwili. Kazi ya Ashraf haitoki nje inavuma, nilisema, na watu wote wale wananitazama. Kaniangalia. Kavaa viatu. Kaniambia Jumamosi ya shughuli, saa nne asubuhi, iwe Ruangwa.

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa wazi kama mlango.

Jumatatu, 23 Juni

Kapasita nimezitoa kwenye runinga mbovu ya marehemu babu yake Lukumani, mtoto wa jirani yake mama kule Ruangwa. Fupi lakini nene. Nilipanga nizifunge, halafu Mjomba akija nihakikishe haivumi — namna ya kuhakikisha ninayo — halafu niseme mnaona? Zilikuwa kapasita.

Nikalehemu vizuri. Risasi inang'aa. Nikawasha.

Pah!

Moshi mweupe. Nikadhani ni kapasita peke yake, nikasubiri. Nilisubiri nini? Makrina ndiye aliyepiga kelele "chomoa, chomoa wewe!" Transfoma ilikuwa inatoka nta, inatiririka mezani kama mshumaa. Harufu haijatoka mpaka sasa. Iko kwenye shati.

Makrina hakunitania. Kaniletea chai, kaiweka, kaondoka. Bora angenitania.

Jumatano, 25 Juni

Fundi wa Mtwara kwenye simu: transfoma kama hiyo inasukwa upya, lakini mwezi mzima, na hatoi ahadi. Kaniuliza nani aliifungua. Nikasema aliyekuja kabla yangu.

Mama kapiga kutoka Ruangwa. Maandalizi yamepamba moto, shangazi zangu wameshona sare. Anasema kaka yake kila asubuhi anakaa juani, anajichua vidole kwa mafuta ya ufuta, halafu anapiga gitaa kavu, bila spika, wimbo uleule. "Anauliza mmefikia wapi, mwanangu."

Bado kidogo, nikasema.

Ijumaa, 27 Juni

Nimefunga banda. Nimeizungushia shuka zake zilezile.

Jumamosi, 28 Juni

Ruangwa. Kwa mama, chumba cha uani. Ngoma bado inapigwa huko nje.

Nilifika mapema. Mjomba kafungua shuka, kanusa. Kaifunika tena, taratibu, uso kwanza.

DJ wa shughuli kasema gitaa lichomekwe kwake. Likachomekwa. Kwenye yale maspika likatoka kama mtu anakuna sufuria, watoto wakaziba masikio. Mjomba kalichomoa mwenyewe, kamshukuru DJ.

Wakamtoa Hafidha. Kitenge kichwani, miguu inang'aa mafuta. Kakaa mkekani. Umati ule wote, vigelegele, ngoma, huku jirani nao wanatoa mwali wao na muziki wao. Mjomba kapiga magoti karibu yake — magoti yake yale! — kasogeza gitaa mpaka linagusa kitenge. Kapiga. Niliona vidole vinakwenda. Nilisimama hatua chache na sikusikia kitu.

Hafidha hakuinua kichwa.

Kapiga tena tangu mwanzo. Shangazi wakaanza kutazamana. Mtu akapiga kelele ngoma zinyamazishwe, za kwetu zikanyamaza, za jirani hazikunyamaza. Mwisho kungwi wake kamgusa bega, ndiyo kainua. Watu wakashangilia haraka haraka, kama wanafukia kitu.

Baadaye nikapita karibu yake, anakula wali. Kaninong'oneza: "Kaka, Mjomba alishapiga?"

Alishapiga, nikasema.

"Sikusikia."

Sasa Mjomba yuko barazani. Namwona kupitia mlangoni, amplifaya iko miguuni pake. Kanitumia Lukumani niende. Kabla sijaingia humu alikuwa kaniuliza jambo moja tu, bila hasira, nami nikasema nakuja Mjomba, nachukua maji.

Kauliza: "Ile Alhamisi uliyonisikilizisha. Ilinyamazaje?"

Maji nimeshakunywa. Anasubiri. Kagonga pembeni yake kwenye mkeka, pa kukaa mtu.

Niandike kwanza hapa, labda huko nje itatoka.

Amplifaya ilikuwa nzima. Ilivuma kwangu tu. Ilikuwa ubao wa simu, zile chaja, zote kwenye waya mmoja nayo. Alhamisi nilichomoa ubao nipate tundu la pasi ya kulehemu, mvumo ukakata palepale. Nikauchomeka, ukarudi. Nikauchomoa, ukakata. Nikasimama na plagi mkononi, nikawatazama bodaboda niliowatangazia kapasita, nikamtazama Makrina.

Nikauchomeka tena.