Yadi Tatu Hazinitoshi

Shauri Moyo, Jumamosi, Julai 1981

Baridi ya leo inachukiza. Nguo nilizoanika jana bado zinadondoka maji, jua halijatoka tangu Jumatano, na mimi nimevaa sweta mbili ndani ya nyumba huku majirani wakipita nje na mikono wazi. Hata baridi yangu si kama ya watu wengine.

Nimechukia. Naliandika neno hilo mwanzo kabisa ili nisije nikalilainisha baadaye. Nimeuchukia mwili wangu, nimewachukia akina mama wa kanisa letu, na nimeichukia chai. Ya chai nitaifikia.

Leo asubuhi tulipimwa sare za chama. Mwezi ujao akina mama wote tunaingia kanisani kwa mstari, nguo za bluu na vitambaa vyeupe kichwani, na mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo, mwaka wa sita huu. Mwenyekiti wetu, Mama Wanjiru, mwenye kibanda cha maharagwe sokoni Gikomba, alinunua jora zima la kitambaa na kutangaza yadi tatu kwa kila mama. Anapenda usawa sana Mama Wanjiru. Nadhani hata maharagwe yake huyahesabu.

Fundi alitoka Majengo na futi yake shingoni. Angeweza kupima kimya kimya, maana Mama Wanjiru alikuwa ameketi karibu naye na daftari. Lakini yeye ni wa kunadi. Ilipofika zamu yangu akanizungushia futi, akaivuta, akaizungusha tena, kisha akapaza sauti: "Kiuno, arobaini na nne!"

Mtu akakohoa kile kikohozi ambacho si kikohozi.

Wakati wa Pasaka kilikuwa arobaini na moja. Tangu Pasaka nakula nusu sahani.

"Mama, hii yadi tatu haiwezi tosha," fundi akasema, kwa huruma kabisa. "Labda tukushonee bila mikono."

Walicheka. Hata Mama Kasyoka alicheka, ambaye nilimlelea mtoto wiki mbili nzima alipokuwa amelazwa. Mama Wanjiru hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Aliweka kalamu chini akaniambia, "Mama Mwende, tukikuongeza wewe, tutampunguzia nani? Wewe jaribu kufunga kidogo. Tutakushonea wa mwisho. Na kama haitawezekana, siku hiyo Mama Kasyoka ataanzisha nyimbo, wewe utakaa na wageni."

Nikae na wageni. Katika kanisa ambalo nilibeba mawe ya msingi wake.

Kisha akasema tufunge kikao kwa maombi, akamwomba Mungu atuondolee roho ya ulafi miongoni mwetu. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, nilisikia macho yao kwenye shingo yangu hata nikiwa nimeinama. Na mimi nikafanya nini? Nikasema amina. Amina! Kwa sauti, pamoja nao. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote ya leo.

Mimi si mlafi.

Acha niandike ninachokula, maana hakuna mwingine atakayeamini. Asubuhi vipande viwili vya mkate na chai. Mchana ofisini nakula ndizi moja, huku wenzangu wa kupiga taipu wakifungua mikebe ya githeri, mahindi na maharagwe tele. Jioni nakula kabeji iliyochemshwa bila mafuta, ile inayonuka mpaka ukuta unanuka. Nimekunywa maji moto na ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Nimekunywa siki. Nimejifunga leso tumboni usiku kucha kama mzazi. Naenda kazini mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Na baada ya hayo yote nimeongezeka inchi tatu. Asubuhi nikijitazama kwenye kioo naona uso uliojaa kama unga uliokandwa, kope zimevimba, nyusi zimeanza kuisha pembeni. Nywele zinatoka na kitana. Sauti yenyewe, hiyo ya kuanzishia nyimbo, imekuwa nzito kama ya mwanamume mwenye mafua. Najiona kinyaa. Nikioga sijitazami.

Ugonjwa ninaujua. Mwezi wa tatu daktari alinitoa damu, akaniambia tezi langu la shingoni limelala, halifanyi kazi yake, ndiyo maana mwili wote umepoa na kuvimba. Akaandika vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila siku, pengine maisha yangu yote. Nilifurahi siku hiyo! Nilidhani kwa kuwa ugonjwa umepata jina, umepata na mwisho.

Lakini sikumwambia mtu ila mume wangu. Kwetu Ukambani ukisema una tezi la shingoni, watu wanaanza kuuliza ni jirani gani umemkosea akakuroga. Mama Kasyoka alipoiona bahasha ya vidonge juu ya kabati aliamua mwenyewe kwamba ni vya kupanga uzazi, akaenda kusema ndivyo vinavyoninenepesha. Nikamwacha aseme. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi leo nimefichuliwa na futi ya fundi.

Nilitoka ukumbini. Sikwenda nyumbani. Nilipita Gikomba moja kwa moja mpaka kliniki, kabla hawajafunga saa sita, na bahasha yangu ndani ya mkoba. Nilikuwa nakwenda kugombana. Nilitaka mtu mmoja mwenye nguo nyeupe anikubalie kwamba vidonge hivi ni chokaa, au aniandikie barua yenye muhuri kwamba mimi si mlafi, niende nikaibandike kwenye mlango wa kanisa.

Daktari hakuwapo. Alikuwapo sista mmoja mzee, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Aliniacha niropoke mpaka nikaishiwa maneno. Alihesabu vidonge vilivyobaki, akaona kweli sijaruka hata siku moja. Akaniuliza, "Unameza namna gani?"

Nikamwambia namna watu wote wanavyomeza. Asubuhi, baada ya kula.

"Kula nini?"

"Mkate na chai."

"Chai ya rangi?"

"Sista, chai ya maziwa. Maziwa mengi, ili dawa isinichome tumbo."

Alivua miwani. Nilidhani ananicheka, lakini alikuwa amekasirika, na sidhani alinikasirikia mimi. Akanieleza kwamba dawa hii haitaki kitu tumboni. Inataka maji matupu, mara tu unapoamka, kisha usubiri saa nzima ndipo unywe chai yako. Maziwa na chakula huizuia isiingie mwilini vizuri. Nimekuwa nikiimeza na kuizuia mwenyewe, kila siku, tangu mwezi wa tatu.

"Nani alikuambia umeze na chakula?" akaniuliza.

Hakuna aliyeniambia. Kila mtu anajua. Tangu utoto tunaambiwa dawa haimezwi na tumbo tupu. Mama yangu alinikorogea uji kabla ya kila kidonge cha malaria. Wenye kuhara wanalishwa kwanza, wenye homa wanalishwa kwanza. Bahasha yangu imeandikwa moja mara moja kwa siku, basi. Daktari hakuniambia kwa sababu hakuona haja, na mimi sikuuliza kwa sababu sikuona haja. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Mimi ninayepiga taipu barua za wakubwa na kuwasahihishia Kiingereza nilishindwa kuuliza kidonge kinamezwaje.

Sista alisema nirudi baada ya wiki sita wapime damu tena, huenda ikabidi waongeze dawa. Akaniambia pia nisitegemee kukonda kama ufito. Uvimbe utashuka kwanza, na baridi itapungua, na usingizi. Kilo zitachelewa, na nyingine hazitaondoka kabisa. Nilipenda alivyoniambia ukweli, ingawa sikuupenda ukweli wenyewe. Sare ni mwezi ujao. Inchi tatu hazitakuwa zimeshuka, hata tezi lenyewe liamke leo na kucheza ngoma.

Nilirudi polepole. Pale Gikomba nilipita kibanda cha chai, harufu ya maziwa yanayochemka ikanijia, nikavuka upande wa pili wa barabara. Miezi minne! Miezi minne ya kabeji, ya siki, ya kusema amina.

Lakini lililonisumbua njia nzima si hilo. Ni Baba Mwende.

Mume wangu ni mchonga vinyago. Anachonga twiga na vifaru vya watalii, anarudi nyumbani na vumbi la mti masikioni na rangi ya viatu kwenye kucha. Ni mtu wa maneno machache, na kabla ya mwaka huu sijawahi kumwona akiwasha stovu. Mama yake alimlea akiamini stovu ni ya wanawake. Lakini tangu siku nilipopewa vidonge, kila alfajiri huamka kabla yangu, akaipiga stovu pampu, akachemsha maziwa na tangawizi, akanikatia mkate vipande viwili. Hukaa kwenye kigoda akinitazama mpaka nimalize. Kisha hunipa kidonge mwenyewe, kwenye kiganja. "Meza sasa," husema. "Tumbo limeshapokea mgeni."

Hajawahi kusema nimenenepa. Hajawahi kusema sijanenepa. Katika miezi hii yote ya kujichukia, ile nusu saa ya chai ndiyo pekee ambayo sikujiona kinyaa.

Na ndiyo hiyo iliyokuwa ikiniharibia dawa.

Nilimkuta ameshafika. Alikuwa amenunua pakiti mbili za maziwa ya kesho, ameziweka ndani ya karai la maji zisiharibike, kana kwamba kuna kitu kinaweza kuharibika katika baridi hii. Nilivua viatu, miguu imevimba mpaka alama za kamba zimebaki. Nilifikiria nisimwambie. Kweli kabisa, nilifikiria. Nilisema moyoni, nitameza maji kwa siri kabla hajaamka, halafu nitakunywa chai yake kama kawaida nikijidai sijameza. Kisha nikajiona jinsi nilivyo hodari wa kuficha na wa kusema amina, nikajichukia upya.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, futi na yadi tatu na roho ya ulafi na sista na maziwa. Nililia nilipofika kwenye maziwa, si kwenye ulafi.

Alitazama karai lake. Nilidhani amechukia, na angekuwa na haki. Kisha akasema, "Miezi minne nimekuwa nikikuzuia kupona."

Nikamwambia hapana, ni mimi, sikuuliza. Akatikisa kichwa. Alichukua kipande cha msasa mfukoni akakikunjakunja, anavyofanya mti unapompasukia mkononi karibu na mwisho wa kazi. Halafu akaniuliza, "Sasa, hayo maji. Ya moto ama ya baridi?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaona sijui.

Sikuuliza! Nimetembea mpaka kliniki, nimejifunza kwa uchungu kwamba yote haya ni kwa sababu ya kutouliza, na nimetoka bila kuuliza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, mbavu zangu hizi ambazo hazionekani. Naye akacheka, yeye ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka. Akasema basi kesho yatakuwa ya uvuguvugu, yasimuudhi mtu, na Jumatatu yeye mwenyewe atapita kliniki akienda kazini, amuulize sista. Kisha akasema saa ile ya kusubiri chai tutakaa wote, naye hatakunywa yake kabla yangu.

Sasa yuko nje anasugua kwa mchanga kikombe changu cha chai. Nasikia mchanga kwenye bati.

Bado nimechukia, daftari. Sitaki kusema uongo hapa pia. Uso wangu haujabadilika tangu asubuhi, kabeji ya jana bado inanuka, na mwezi ujao nitakuwa bado na arobaini na nne. Lakini kesho ni Jumapili. Nitavaa gauni langu la zamani lenye mikono yote miwili, nitakaa mstari wa mbele, na watakapouliza kama kuna mwenye neno nitasimama. Nitasema, akina mama, mimi nina tezi la shingoni, na sauti yangu hii nzito ni ya ugonjwa, na jana niliitikia amina kwa maombi yasiyo yangu. Naomba niirudishe.

Halafu nitaanzisha wimbo, kwa sauti hiyo hiyo, na nione ni nani atanyamaza.