Bakuli la Danuta

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana ni ndefu na magoti yako nayajua. Yanaendeleaje? Na presha? Baba bado anakimbilia shambani mvua ikinyesha, au amekubali kumwachia kaka Shabani jembe? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inanila masikio, lakini kazi ninayo na chakula ninakula.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema "Mama, hao Wapolandi," wewe unasema "Hama!" kabla sijamaliza. Sasa dada Halima wa Chanika, ambaye naye anafanya kazi huku, amepata likizo, anakuja Handeni kuwaona wazazi wake, na amekubali kufika hadi Makuyuni akukabidhi mkononi. Barua haikatizwi, Mama. Utaisikiliza yote.

Najua wifi amekuonyesha kwenye simu yake maneno ya watu: Wapolandi ni walevi, ni wezi, wamekuja Uingereza kuwanyang'anya wenyeji kazi. Na wewe hulali vizuri kwa kuwa binti yako anaishi nyumba moja nao. Basi nikueleze ninayeishi naye, maana mimi siishi na Wapolandi, naishi na Danuta.

Danuta ni mama wa makamo. Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Nyumba amepanga yeye, mimi nina chumba cha juu. Siku niliyohamia nilikuta ameninunulia sufuria yangu peke yangu, amefunga uzi mwekundu kwenye mshikio ili nyama yake ya nguruwe isiikaribie. Sikumwomba. Pombe hanywi, inamuumiza kichwa. Mdogo wake akija Jumamosi anakunywa bia, siwezi kukudanganya, kisha anakoroma kwenye kochi kama mjomba baada ya ubwabwa wa maulidi.

Mwanzoni nilidhani ngozi yake itamsaidia. Haikumsaidia. Akinyamaza ni Mzungu kama wao, akifungua mdomo ni Mpolandi. Miwani ya bibi mmoja ilipopotea pale kazini, binti yake alinipita mimi akaenda moja kwa moja kwa Danuta: "Miwani ya mama iko wapi?" Ilikutwa ndani ya kiatu cha bibi mwenyewe, na hakuna aliyeomba radhi. Danuta aliendelea kukunja shuka. "Wewe wanaogopa kukuuliza, wataonekana wabaguzi," akaniambia. "Mimi naulizwa tu." Tulicheka, lakini iliniuma.

Sasa sikia kisa cha uyoga. Msimu huu majani yanapodondoka, watu wa kwao huingia msituni na kikapu na kisu kidogo kuokota uyoga, kama mimi na wewe tulivyokuwa tukizunguka vichuguu baada ya mvua. Danuta huutunga kwenye uzi na kuuanika dirishani. Nilipouona ukining'inia pale, moyo wangu ulirudi Makuyuni mbio. Lakini jirani yetu, Bwana Ken, mzee aliyefiwa na mke, yeye aliona kingine. Aliona Mpolandi anatoka porini na kisu, na vitu vyeusi dirishani. Akapiga simu polisi kwamba tunakausha madawa ya kulevya.

Polisi walikuja, wakanusa uyoga, mmoja akacheka, wakaondoka zao. Ila habari zilimfikia mwenye nyumba. Akasema hataki makelele, atakuja Ijumaa, na akisikia jirani bado analalamika tutafute pa kwenda. Danuta akashusha nyuzi zote, akatoa sanduku, akaanza kupanga nguo. "Narudi kwetu," akasema. "Nimewaogesha mama zao miaka yote hii, na bado mimi ni mwizi."

Hapo nilikukumbuka wewe. Nikamwambia kabla hujafunga sanduku, mpelekee jirani chakula. Akanitazama kama nimeingiwa na wazimu.

"Nimpelekee chakula aliyeniitia polisi?"

"Kwetu ndiye hasa anayepelekewa."

Basi akataka kumpelekea uyoga! Nikamshika mkono. Jamani, mtu anakudhania unauza madawa, halafu umpelekee uyoga wa porini? Tukapika maandazi ya iliki, tukayajaza kwenye bakuli lake la maua ya buluu, tukaenda wote wawili. Nikapiga hodi kwa sauti ya huko nyumbani. Bwana Ken akafungua mlango nusu.

"Ule ni uyoga tu, mama yangu alinifundisha kuukausha," Danuta akamwambia. "Na haya si uyoga. Ni maandazi ya huyu."

Akapokea, akafunga mlango.

Kesho yake tulikuta bakuli kizingitini, limeoshwa linang'aa, na ndani hakuna kitu. Mama, niliumia sana. Wewe ulinifundisha bakuli la jirani halirudi tupu, hata chumvi kidogo mtu ataweka. Danuta akasema, "Umeona?" Akarudi kwenye sanduku lake.

Ijumaa mwenye nyumba akafika. Hata koti hajavua, Bwana Ken akaita kutoka upande wake wa ua: "Unawatafutia nini wanawake hawa? Ulikuwa uyoga. Mimi ndiye niliyekosea. Tangu mke wangu afe, hakuna jirani aliyewahi kugonga mlango wangu na chakula." Mwenye nyumba akakohoa, akakagua bomba la jikoni maana lazima akague kitu, akaondoka. Kumbe mzee wa watu alikuwa hajui desturi ya bakuli tu. Nilifurahi mpaka nikalia.

Sisemi wote wamebadilika. Yule binti wa miwani bado anabana mkoba wake Danuta akipita. Lakini sanduku limerudi juu ya kabati, na uyoga umerudi dirishani.

Na wewe, Mama, ndiye uliyenisimulia Babu alivyofika Ngombezi kukata mkonge, ametoka mbali kule Kasulu, akaitwa manamba, kibarua wa kuletwa, kama wenzake wote wa kambini. Watu walifungia kuku wakiwaona wanapita. Manamba mwizi, manamba mlevi, manamba hana kwao. Bibi alikuwa binti wa Handeni, wa watu wenye mashamba yao, na ndugu zake walimwambia haya haya unayoniambia mimi: ondoka karibu na hao. Bibi hakuondoka. Wewe ukazaliwa kwenye zile nyumba za kambi. Hebu niambie, Babu alimwibia nani kuku?

Nisalimie Baba, Shabani na wanawe, wifi yangu na simu yake, mjomba anayeuza maharage sokoni, na mwalimu wangu wa madrasa kama macho bado yanamruhusu kusoma.

Mzigo aliokuletea Halima ni lile bakuli la maua ya buluu. Ndani kuna uyoga ambao Danuta aliuokota mwenyewe, akasema ni wako wewe, mama yake Rehema. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uupike na karanga. Halima akimaliza likizo atapita kwako kulichukua bakuli. Sitakupigia tena kubishana nawe habari ya kuhama. Nitasubiri bakuli nilifunue.

Binti yako akupendaye,
Rehema