Kumi na Tatu Hawagawanyiki

Mdogo wangu Konsolata,

Sina anwani yako. Naiacha barua hii wazi ili yeyote anayekufahamu huko Burundi akusomee.

Mwaka ule mlipovuka mpaka mkikimbia vita nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo nyumbani Kanazi. Mama alikuwa analisha watoto kumi na wawili: sita wetu, na sita wa familia iliyokutangulia kuvuka. Alipakua ugali kwenye sinia tatu, kila moja watu wanne. Wakigombana, aligeuza: sinia nne, watatu watatu. Kanuni yake ilikuwa kwamba sinia zilingane, wenyeji wachanganyike na wageni, asije mtu akasema kapunjwa.

Ndipo ukaja wewe, peke yako, umepotezana na mama yako njiani. Mama akajaribu sinia mbili, tatu, nne. Kila mara mtu mmoja alizidi. Deo, mdogo wetu wa darasa la tano, akapiga kelele, "Baki moja!" Jina likakushika, watoto wakawa wanakutania: "Baki Moja, kale na kuku!"

Baada ya siku chache ukaanza kusema umeshiba hata kabla ya kunawa. Nilikufuata kwenye migomba.

"Dada," ukaniambia, "lori la kambi ya wakimbizi likipita nitapanda. Mkiwa kumi na wawili mnagawanyika vizuri."

Nikachota maharage, nikapanga punje kumi na mbili: safu mbili za sita, kisha tatu za nne. Nikaongeza moja. Kumi na tatu zilikataa kila umbo isipokuwa mstari mmoja mrefu.

"Hii ni namba tasa," nikasema. "Vigawo vyake ni moja na yenyewe tu. Kosa si lako. Hata Deo akiondoka, waliobaki watagawanyika."

"Hata Deo?"

"Tena tukianza na Deo!"

Ulicheka. Mama alikuwa ametusikia. "Mbona mnapunguza watu?" akauliza. "Ongezeni." Akamwita jirani ng'ambo ya ua: "Mama Anjelina! Walete wanao watatu wale huku, uje na unga wako!" Tukawa kumi na sita. Sinia nne, wanne wanne. Habari ya lori ikaishia hapo.

Wewe hukuridhika. "Dada, sinia tatu za watu wanne ukizigeuza zinakuwa nne za watatu. Na hizi ukizigeuza?"

Zilikuwa zile zile. Tangu hapo maharage ya mama hayakupata amani. Tuliona kwamba vigawo hutembea viwili viwili: moja na kumi na mbili, mbili na sita, tatu na nne. Kwenye namba ya mraba kuna kimoja kisicho na mwenzake, kinajizidisha chenyewe, ndiyo maana idadi ya vigawo vyake haigawanyiki kwa mbili. Ukaanza kutafuta zenye vigawo vitatu tu. Ukapata nne, tisa, ishirini na tano, arobaini na tisa. Kumi na sita ukaikataa kwa kuwa inagawanyika pia kwa mbili na nane. Tukabishana hadi tukaona: zote ni namba tasa iliyozidishwa kwa yenyewe.

Kisha tukaambiwa mama yako amepatikana kambini, na safari hii lori lilikuja kukuchukua. Ulikuwa umeshapanda juu uliposhika ukingo na kuniita, "Dada! Namba tasa zinaisha?"

Nilipunga mkono tu, na jioni nikaliandika swali lako kwenye shajara yangu.

Haziishi, Konsolata. Nilikuja kufundishwa baadaye. Zizidishe pamoja zote unazozijua, kisha ongeza moja. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayoigawa namba uliyopata bila baki. Basi ama yenyewe ni tasa, ama inagawanywa na tasa nyingine ambayo hukuijua, na utakapoiongeza hiyo, itakuwapo nyingine tena.

Swali lako nimelijibu. Langu bado. Mama amefariki, na hata katika ugonjwa wake alikuwa akiniuliza hilo. Siku ile ulipofika kambini, uliingia mikononi mwa mama yako kweli, au watu wa kambi walikosea jina? Na kama ni yeye, mlikula nini pamoja?

Nakuombea uwe mzima.

Dada yako wa Kanazi