Terminali Nisiyoichomoa

Kaka Paulo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila wewe ndiye ulisema fundi asiyesalimia hata betri humgomea.

Gereji yetu ya Bagara ipo. Kibao bado kina jina lako, kwa hiyo mteja akilalamika namwambia mwenyewe hayupo. Leo sikuwa na pa kujificha. Aliyekuja ni Mama Neema wako, na gari ni lile ulilomwachia. Alikuwa anampeleka Neema bweni, Katesh. Betri ni mpya, lakini taa yake inawaka kwenye dashibodi.

"Shem, fanya kama mwenzio," akasema. "Chomoa terminali ya betri gari likiunguruma. Likizima, altaneta imekufa, haichaji betri. Tusicheleweshane."

Ndivyo ulivyopima miaka yote, huku unapiga mluzi, na kwa magari yale ya zamani ulipatia. Hili lina kompyuta. Ukichomoa terminali injini ikiwaka, umeme unaweza kuruka ukaiunguza. Nilikuambia mara moja, ukanijibu kompyuta ni za benki.

Spana ilikuwa tayari kwenye nati, Kaka. Niliogopa kuliua gari lako. Niliogopa zaidi kumwambia mjane wako, mbele ya mtoto, kwamba mwenzake alikuwa anakosea. Nikasema nati imeshika kutu. Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi. Aliitazama, akanitazama, akarudi kwa Neema.

Nikaweka mita kwenye betri. Gari likiwa limezimwa, volti kumi na mbili na nusu. Nikaliwasha: hapohapo, tena inashuka, wakati ilipaswa kupanda hadi kumi na nne hivi. Mkanda umekaza, waya ziko sawa. Nikafungua altaneta, kaboni zake za kupitisha umeme zimelika, zimebaki kama kucha. Nikaweka mpya. Mita ikapanda, taa na feni vikiwa vimewashwa.

Wakaondoka mchana. Wamefika salama, alinipigia. Lakini mchana gari hudanganya, linaweza kwenda kwa betri peke yake. Sasa Mama Neema anarudi, yuko mwenyewe, jua linazama na mvua imekaa upande wa Hanang. Atahitaji taa na waipa kwa pamoja. Kama nimekosea, litamzimikia porini. Simu yake haipatikani. Najiambia ni mtandao. Najiambia tena.

Hukunifundisha fundi anangojaje. Wewe ulikuwa unaenda kula. Mimi hata chai haipiti.

Basi, Kaka, sitangoja. Nimeazima pikipiki, betri ya akiba nimeifunga nyuma kwa mpira. Nikikutana naye njiani nitageuza, nimfuate taratibu hadi getini kwenu, na akiuliza nitasema nilitoka kumsalimia mtu Sigino. Ataona ni uongo, lakini atakuwa nyumbani.

Pumzika. Mkeo hatalala barabarani kwa kazi ya mikono yangu. Hilo nakuahidi, na naondoka sasa hivi, kabla sijaanza kuogopa na pikipiki.

Mdogo wako wa gereji