Mlimau Wangu wa Gatuanyaga

Jumapili. Jua la Gatuanyaga limenichoma shingo, lakini nimerudi Ruiru nikicheka peke yangu.

Miaka minne iliyopita, nikienda Gatuanyaga kujitambulisha kwa wazazi wa mke wangu, nilinunua mche kando ya barabara hapa Ruiru, mtaa wa Gatongora. Nilifikicha jani, likanukia limau. Sikuuliza zaidi. Nikampelekea mama mkwe, kifua mbele: zawadi ya mlimau.

Tangu hapo, kila nikienda ananipa chai ya rangi yenye limau. "Ni ya ule mti wako," husema. Nami kichwa huvimba.

Mbona sikuwahi kwenda kuuona? Kwetu Kakamega, mkwe hazururi bomani kwa mama mkwe. Unakaa pale ulipokalishwa, unakula, unaaga. Nilikaa sebuleni miaka minne.

Leo ng'ombe wake alikata kamba. Nikasahau adabu zote, nikamfukuza hadi nyuma ya nyumba.

Hakukuwa na mlimau.

Kulikuwa na mti mrefu kupita paa, shina jeupe, laini, gome likibanduka vipande vipande. Majani membamba, marefu. Nikafikicha moja: limau tupu! Kumbe ni mkaratusi. Ipo aina inayonukia hivyo, na hata ukavu wa huko hauisumbui. Lakini tunda la kutia kwenye chai haizai, hata ukiiombea.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote hiyo mama wa watu alikuwa akinunua malimau sokoni ili mimi nisiaibike. Nilitamani kurudi sebuleni ninyamaze. Lakini ningeinywaje tena chai yake?

"Mama, nisamehe. Nilikuletea mkaratusi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ai, Baba Wanja, mimi nilijua kitambo! Hiyo majani naweka kwa kiota ya kuku, viroboto zinatoroka. Nilikuwa nangoja tu siku utakuja huku nyuma ujionee. Sasa wewe si mgeni."

Si mgeni! Nikajifanya nakaza kamba ya ng'ombe, kumbe machozi yananilengalenga.

Ameniambia nirudi Jumamosi ijayo na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, zizi limejaa samadi. Hivi kuna mkwe mwingine aliyewahi kufurahia hivi kutumwa kuzoa mavi ya ng'ombe?